Kambi ya Agosti: Timu Inapocheza na Nafsi Yake

Tarehe 24 Agosti 2024, katika uwanja wa Aviva jijini Dublin, Ireland, Chuo Kikuu cha Florida State kilifungua msimu wa futiboli ya vyuo vya Marekani dhidi ya Georgia Tech. Florida State walikuwa nafasi ya 10 katika orodha ya ubora inayopigiwa kura na waandishi wa habari kabla ya msimu. Mwaka uliotangulia walishinda mechi 13 mfululizo kabla ya kupigwa katika ile ya mwisho. Muda ulipokatika, teke la yadi 44 lilipita katikati ya nguzo na Georgia Tech wakaondoka na ushindi wa 24 kwa 21. Florida State walimaliza msimu huo wakiwa wameshinda mechi 2 na kupoteza 10.

Ndipo linapokuja swali ambalo huulizwa kila mwaka na Waswahili wanaoishi Columbus, Dallas au Minneapolis, ambao watoto wao wanasoma vyuo hivyo, na sasa pia na vijana wa huku nyumbani wanaoziona mechi hizi kwenye programu za kubeti: Agosti nzima watu walikuwa wakisimulia walichokiona mazoezini. Fulani anaruka kama swala, mstari wa mbele umekuwa ukuta, mwaka huu hatushikiki. Je, walidanganya?

Mara nyingi hawakudanganya. Waliona sawasawa, ila kitu walichokuwa wakikitazama hakipimi kile walichodhani kinapima. Kulielewa hilo kunahitaji kwenda hatua kwa hatua.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana jina linachanganya. Futiboli hii siyo kandanda. Ni ule mpira wenye ncha mbili, helmeti na pedi, wachezaji 11 kwa 11, ambapo timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10 mbele, ikishindwa, inaupoteza. Wachezaji ni wanafunzi wa chuo, ingawa neno hilo siku hizi limechoka kidogo: tangu 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Ukitaka kujua ukubwa wa jambo hili, uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watazamaji 107,601. Chuo hicho.

Mambo mawili ya mchezo huu ni lazima uyashike. La kwanza ni kwotabeki. Huyu ndiye anayepokea mpira kila jaribio linapoanza na kuamua aurushe, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie nao mwenyewe. Ugomvi mkubwa wa kila Agosti ni nani atakuwa kwotabeki.

La pili ndilo linalobeba makala yote haya: kila timu ina vikosi viwili visivyocheza pamoja, cha mashambulizi na cha ulinzi. Mpira ukibadilisha mikono, watu wote 11 wanatoka na wengine 11 wanaingia. Mshambuliaji hakabi. Mkabaji hashambulii. Ni kama familia mbili zinazokaa nyumba moja na kupokezana jiko.

Sasa kambi. Maandalizi yana awamu mbili. Majira ya kuchipua, yaani kati ya Machi na Aprili hivi, kanuni zinaruhusu mazoezi 15. Kisha mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti inaanza kambi yenyewe, yenye mazoezi yasiyozidi 25 kabla ya mechi ya kwanza. Kanuni hizi hutungwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo.

Kwa shabiki aliyezoea kandanda, kambi hii ina upungufu wa ajabu: haina mechi za kirafiki. Simba au Yanga wakirudi kutoka kambini watacheza na timu ya nje, siku ya tamasha uwanja utajaa, na mtu ataondoka akiwa ameona angalau dakika 90 dhidi ya watu wasiowajua wachezaji wetu kwa majina. Futiboli ya vyuo haina kitu hicho. Mwaka 2025 Colorado na Syracuse waliomba ruhusa ya kufanya mazoezi ya pamoja majira ya kuchipua, wakakataliwa. Mara ya kwanza timu inapokutana na mgeni ni mechi inayohesabiwa, na msimu wa kawaida una mechi 12 tu. Kupoteza moja ni msiba mdogo, kupoteza tatu ni kuanza kuulizana kama kocha atabaki.

Kwa hiyo watu wenye njaa ya habari hula kilichopo, na kilichopo ni mazoezi.

Tuingie uwanjani. Siku za mwanzo wachezaji huvaa helmeti tu, kisha huongeza pedi za mabega, na pedi kamili huja baadaye, wiki ya kwanza ikielekea kwisha. Huo ni utaratibu wa kuuzoeza mwili joto, na una historia ya machungu: mwaka 2018 mchezaji wa Maryland mwenye umri wa miaka 19 alizidiwa na joto katika mazoezi ya mwezi Mei, akafariki wiki mbili baadaye. Mtindo wa zamani wa kufanya mazoezi makali mara mbili kwa siku ulikuwa umepigwa marufuku mwaka mmoja kabla. Mwaka 2021 siku za kuzoea ziliongezwa kutoka tano hadi saba na mazoezi ya kugongana yakapunguzwa.

Kwa mtazamaji, maana yake ni kwamba siku ambazo habari za kambi huwa tamu zaidi ndizo ambazo mchezo wenyewe haujaanza. Bila pedi hakuna kugongana, na mchezo huu ni kugongana. Warushaji na wapokeaji hung'ara kwa sababu hakuna anayewavunja mbavu. Wale mababa wa mstari wa mbele wenye kilo 140, ambao ndio huamua mechi nyingi, siku hizo wanasukumana kwa adabu kama watu walio kwenye foleni ya benki. Kumsifu mpokeaji wa siku ya pili ya kambi ni kama kumsajili mshambuliaji kwa kumtazama akipiga danadana.

Pedi zikishavaliwa mambo huwa magumu kwa sura nyingine, na hapa ndipo ningeomba msomaji akae kidogo.

Kikosi cha mashambulizi kinakutana na nani mazoezini? Na kikosi cha ulinzi cha timu hiyohiyo. Kwotabeki akirusha mpira wa yadi 50, mpokeaji akamwacha mkabaji hatua tatu na kufunga tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, shabiki pembeni ya uzio ataandika: tuna mpokeaji hatari. Sawa. Lakini yule aliyeachwa hatua tatu ni nani? Ni mkabaji wetu, ambaye baada ya wiki tatu atakabiliana na wapokeaji wa watu wengine. Hakuna habari njema ya mashambulizi kambini isiyokuwa habari mbaya ya ulinzi, wala ulinzi hauwezi kusifiwa bila mtu wetu mwingine kuaibika. Ukijumlisha, unabaki pale ulipoanza.

Fikiria shule ya msingi inayoshindanisha darasa la 7A na 7B. Wa 7A wakishinda mbio kwa mita 20, shule ina wakimbiaji au ina wazembe? Hutajua mpaka siku ya UMITASHUMTA, wanapokutana na shule nyingine. Kambi ya futiboli ni 7A na 7B kwa mwezi mzima.

Na kuna la ziada. Hawa wanajuana. Mkabaji ameshaona kila mbinu ya washambuliaji wake tangu Machi. Anajua kwotabeki akigeuza bega namna ile, mpira unakwenda kulia. Wazoefu husema ulinzi huwa mbele ya mashambulizi siku za mwanzo za kambi, kwa kuwa kuvuruga ni rahisi kuliko kupanga. Kwa hiyo shabiki anayeona kwotabeki mpya akinyakuliwa mipira miwili asubuhi moja anaweza kuwa ameona kijana asiyefaa, au wakabaji waliokariri somo.

Kinachofuata ni tabia ya binadamu. Watu wawili walioketi kwenye benchi moja wataondoka na hadithi mbili: mwenye matumaini atasema mashambulizi yamenoga, mwenye mashaka atasema ulinzi unavuja. Wote wameona mpira uleule. Mimi huwa nasoma zote mbili kwa pamoja. Nusu moja peke yake hainipi kitu.

Kuna na suala la jezi. Karibu kila timu humvisha kwotabeki jezi ya rangi tofauti mazoezini, na maana yake ni moja: huyu haguswi. Ni mali ya thamani mno kuvunjwa na mwenzake mwezi wa nane. Mkabaji akimfikia, hamwangushi. Anapita pembeni yake au anamgusa bega, na kocha anapuliza filimbi. Sasa je, angemwangusha kweli? Kuna makwotabeki ambao sifa yao yote ni kuponyoka mikononi mwa mtu wa kilo 120 na kurusha wakiwa wanadondoka. Mazoezini filimbi inawaua kabla hawajaponyoka. Kuna wengine ambao husimama palepale wakitafakari, na mazoezini wanaonekana watulivu kwelikweli, kwa sababu hakuna anayewafundisha bei ya kutafakari sana. Mtazamaji wa kambi huwapunja wa kwanza na kuwapendelea wa pili, na si kwa ubaya.

Namba za zamu nazo huchanganya. Wachezaji hugawanywa katika makundi: kundi la kwanza ndilo linalotarajiwa kuanza, la pili ni akiba, la tatu ni wanaojifunza. Mashabiki huhesabu nani alisimama na kundi la kwanza na mara ngapi, kisha wanatangaza kikosi. Hesabu hiyo ina thamani, ila kocha pia anajua kwamba inahesabiwa. Anaweza kumpa kijana zamu za kwanza ili kumpima, kumwamsha aliyelala, au kumtuliza anayefikiria kuhama.

Mfano mzuri ni Alabama mwaka 2018. Januari ya mwaka huo, katika fainali ya taifa dhidi ya Georgia (siyo Georgia Tech), kocha Nick Saban alimtoa kwotabeki wake Jalen Hurts wakati wa mapumziko na kumwingiza Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza. Alabama wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Kuanzia hapo hadi Agosti swali lilikuwa moja nchi nzima: nani ataanza? Saban hakusema. Kambi ikaisha hajasema. Tarehe 1 Septemba Tagovailoa akaanza dhidi ya Louisville, wakashinda 51 kwa 14. Wapenzi wa Tagovailoa wakajiona manabii. Kisha Desemba, katika fainali ya ukanda wao, yaani ligi ya kundi lao la vyuo, Tagovailoa akaumia, Hurts akaingia kutoka benchi na kuipindua mechi dhidi ya Georgia ileile, 35 kwa 28. Mtu aliyekuwa namba mbili wa kambi akaamua mechi kubwa ya mwaka. Februari 2025 huyohuyo Hurts alishinda Super Bowl, fainali ya futiboli ya kulipwa, akiwa na Philadelphia Eagles.

Sasa tuseme juu ya uzio wenyewe, kwa sababu mashabiki wengi hawajui kwamba wanaonyeshwa dirisha na siyo nyumba. Timu nyingi hufungua zoezi moja au mawili kwa umma. Waandishi wa habari mara nyingi huruhusiwa dakika 15 au 20 za mwanzo, wakati watu wanajinyoosha misuli, kisha mlango unafungwa, na hata waliobaki huambiwa wasitaje mipango ya uchezaji wala majeruhi.

Wapinzani ni sababu ya kwanza ya usiri huo. Tangu 1994 NCAA imekataza timu kutuma watu kwenda kuzitazama mechi za wapinzani wajao. Wanatakiwa watumie video. Kashfa ya Michigan ya 2023, iliyohusu kurekodiwa kwa ishara za makocha wa timu nyingine, ilionyesha jinsi taarifa ndogo ya pembeni ya uwanja inavyotafutwa. Shabiki mwenye simu anayeusimulia ulimwengu kwamba timu yake inajaribu mpangilio mpya anamfanyia mpinzani kazi ya bure.

Ya pili ni mpya zaidi: wizi wa wachezaji. Mfumo wa uhamisho ulioanza 2018, na kulegezwa zaidi 2021, umerahisisha sana mchezaji kuhama chuo na kucheza mara moja. Mwaka 2025 kocha wa Nebraska, Matt Rhule, aliachana na mechi ya maonyesho ya majira ya kuchipua, ile ambayo kikosi hujigawa na kucheza chenyewe kwa chenyewe mbele ya umma, na ambayo kwao huvuta makumi ya maelfu ya watu, akieleza hofu kwamba wengine wangewaona vijana wake na kuwanyatia. Uhamisho huohuo ndio umeongeza kiu ya habari za kambi. Zamani shabiki alimjua mchezaji kwa miaka minne. Leo nusu ya kikosi inaweza kuwa sura ngeni, na Agosti ndiyo nafasi ya kujifunza majina.

Pia kuna majeruhi, na hapa uvumi una madhara. Mtu asipoonekana siku mbili, inaandikwa kwamba ameumia. Pengine ana mafua, ana mtihani, au kocha ameamua kumpumzisha. Lakini mara moja moja ni kweli, na jambo dogo la Agosti hubadilisha mengi. Agosti 2017, kwotabeki Joe Burrow, akiwa Ohio State, alivunjika mfupa wa mkono kambini. Dwayne Haskins akapanda kuwa kwotabeki wa akiba, akaingia mechi ya Michigan mwezi Novemba na kuiokoa. Mwaka uliofuata Haskins ndiye aliyechukua nafasi ya kuanza, Burrow akahamia LSU, na mwaka 2019 akaiongoza LSU kushinda mechi zote 15 na ubingwa wa taifa.

Kuna dhana mbili zilizozoeleka ambazo sioni kama zina miguu. Moja inasema kambi kali huzaa msimu mzuri. Ukisikia watu wanatapika mazoezini, ujue timu imeiva. Mwaka 1954 kocha Bear Bryant aliwapeleka wachezaji wa Texas A&M katika mji mdogo wa Junction, Texas, siku 10 za jua kali bila maji ya kutosha. Wengi walitoroka. Waliobaki wakapata heshima ya kudumu, na watu hupenda kuisimulia. Wasichopenda kusimulia ni matokeo ya mwaka ule: ushindi 1, vipigo 9.

Nyingine ni kwamba shangwe ya maonyesho hutabiri kitu. Aprili 2023 mechi ya maonyesho ya Colorado, chini ya kocha mpya Deion Sanders, iliuzwa tiketi zote na kuonyeshwa katika televisheni ya taifa. Colorado wakaanza msimu kwa ushindi wa mechi tatu, nchi ikalewa. Wakamaliza na ushindi 4 na vipigo 8.

Na mkeka? Mahakama ya Juu ya Marekani ilifungua mlango wa kubeti michezo katika majimbo mwaka 2018, na tangu hapo habari ya goti la kijana wa miaka 20 ina bei. Ndiyo maana kanda kubwa zimeanza kulazimisha ripoti rasmi za nani anapatikana kucheza: Big Ten mwaka 2023, SEC mwaka 2024. Kwa anayebeti akiwa Kariakoo au Eastleigh, tetesi ya kambini inapomfikia imeshapita kwa watu wenye pesa na kompyuta, na odi, yaani viwango vya malipo ya dau, zimeshabadilika. Kuweka mkeka kwa sifa za Agosti ni kununua samaki wa jana kwa bei ya leo.

Basi hakuna la kuangalia? Lipo, ila siyo lile linalopigiwa makofi.

Tazama wapigaji wa mateke. Nguzo hazijui kama ni mazoezi. Mtu akipiga 9 kati ya 10 kutoka yadi 45 mbele ya umati, hilo ni jambo ambalo halihitaji mpinzani, na Dublin ilionyesha teke moja lina uzito gani. Tazama anayempa kwotabeki mpira mwanzoni mwa kila jaribio. Mpira ukidondoka mara nne kwa asubuhi moja wiki ya tatu ya kambi, hiyo siyo sifa ya ulinzi bali mkono unaotetemeka. Tazama aliyehamishwa nafasi: mshambuliaji aliyeletwa upande wa ulinzi anakwambia kocha ana pengo ambalo hakulitangaza. Tazama mtu wa mwaka wa kwanza anayechukua zamu na kundi la pili wiki nzima, siyo siku moja. Na tazama miili. Aliyeongeza kilo saba tangu Aprili hawezi kuzificha.

Agosti 2025 waliosimulia kambi ya Florida State hawakuwa na wasikilizaji wengi wa kuwaamini. Tarehe 30 ya mwezi huo, nyumbani Tallahassee, timu yao ikaipiga Alabama, iliyokuwa nafasi ya 8, kwa 31 kwa 17. Mashabiki wakavamia uwanja. Wakamaliza msimu na ushindi 5, vipigo 7.